Unyago wa Nusu Dakika

Haya mwari, kaa mkekani, nyoosha miguu, simu iweke mbali. Mimi ndiye kungwi wako.

Makungwi wa zamani walimweka binti ndani wakamfunda: mume akirudi amenuna afanyeje, wifi akimchokoza ajibu nini, mgeni akipiga hodi na debe la unga limekauka amlishe nini. Ukiyatazama vizuri, yote yale yalikuwa mtihani wa kukabili hali. Tofauti ni kwamba wa kwetu ulikuwa na ngoma, na aliyekosea alifinywa paja. Siku hizi mambo hayo yana karatasi, yana saa, yana mwanasaikolojia, na paja halifinywi tena. Unarudishwa kituo cha treni tu.

Maana mwari wangu wa leo si wa Tanga wala Lamu. Ni binti wa Uhindi, digrii anayo, mtihani wa karatasi ameshinda, na sasa ameitwa na bodi inayochagua maofisa wa jeshi, ile wanayoiita SSB. Kule makungwi wamewazidi wari. Ukiingia mji kama Dehradun au Lucknow, vituo vya kufundia bodi vimeenea kama vibanda vya M-Pesa, na wenye vituo hivyo mara nyingi ni maofisa wastaafu, masharubu yamenyooka na video zao zimejaa mtandaoni. Mimi sina cheo wala masharubu. Nina mdomo, na unyago siku zote umekwenda kwa mdomo.

Kwanza ujue unakokwenda. Utakaa kwao siku 5, kifuani umevaa namba, na kwa siku hizo jina lako ndilo hiyo namba. Siku ya kwanza ni ya mchujo: maswali ya akili, kisha picha iliyofifia kama ya mtu aliyetetemeka wakati wa kupiga. Unaitazama sekunde 30, unaitungia hadithi, mnaijadili kikundi kizima kwa kelele kama soko la samaki. Wengi safari yao inaishia hapo, na jioni wako njiani kurudi kwao. Waliosalia, siku ya pili wanakabidhiwa kwa mwanasaikolojia. Picha 12, ya mwisho ikiwa nyeupe tupu. Maneno 60, kila neno sekunde 15 uliandikie sentensi. Halafu ndiyo yetu sisi, iliyotuleta mkekani: hali 60 kwa dakika 30. Ukimaliza hapo unajieleza mwenyewe kwa dakika 15, wazazi wanakuonaje, walimu wanakuonaje, rafiki zako je, na wewe mwenyewe unajionaje baada ya kutazamwa hivyo na watu wote.

Hali 60 kwa dakika 30 ni nusu dakika kwa kila balaa. Kwetu hodi yenyewe hupigwa mara tatu kabla mtu hajaitikia. Nusu dakika ishapita, na nyumba inaungua.

Usidhani mtindo huu ni wa jana. Waingereza waliuanzisha mwaka 1942, vita vimewabana, walipoona kwamba ofisa aliyechaguliwa kwa sifa ya shule aliyosoma na lafudhi ya baba yake hajui la kufanya risasi zikianza. Mengine waliyaiga kwa adui wao Mjerumani, aliyewatangulia kuwapima maofisa kisaikolojia. Mwaka 1943 bodi ikafika Uhindi, ikafanyiwa majaribio Dehradun, na mpaka leo haijaondoka. Mwaka 1944, wakati jeshi la Uhindi na wazee wetu wa King's African Rifles wanapigana na Mjapani bega kwa bega kule Burma, wenzetu walikwisha kuwa na bodi ya kuwatafutia maofisa. Wazee wetu hawakuulizwa hali hata moja. Maofisa wao walikuwa Wazungu, na hapo maelezo yalikwisha.

Tuje kwenye balaa lenyewe. Maswali halisi ya bodi ni siri, ila ya mazoezi yamezagaa, na yote ni ya ukoo mmoja. Nimekutungia machache kwa sura yao. Anakwenda kwenye usaili, njiani anakuta basi limepinduka. Yeye… Usiku ndani ya treni, majambazi watatu wanaingia behewani. Yeye… Anatembea kando ya reli, anaona vyuma vya kuungia reli vimefunguliwa, na treni inasikika ikija. Yeye… Zile nukta tatu ndizo zako. Hapo ndipo unapojaza ushujaa. Ukimeza maswali haya mia mbili kwa wiki, utaanza kushangaa watu wa Uhindi husafirije wakafika. Humo hakuna daraja zima, hakuna msitu usio na chui, hakuna hema lisilo na nyoka, na kila jengo la ghorofa lina mtoto dirishani na moshi nyuma yake.

Usihofu. Una mtandio. Kaka zako wanaingia pale na mkanda wa suruali tu, lakini wewe una nguo iliyo karakana nzima: ni bendeji, ni kamba ya kumvutia aliyetumbukia kisimani, ni kitambaa cha kuzibia pua kwenye moshi, na ukibahatika kuwa mwekundu ni bendera ya kusimamishia treni. Mwanamke wa pwani hatashangaa, maana kanga imefanya hayo yote na bado ikabeba mtoto. Ila chunga hesabu. Hali ya 7 umeuchana bendeji, hali ya 12 umeufunga kamba, ya 19 umemfunika maiti. Ikifika ya 40, mwanasaikolojia ataanza kukuhesabia mita.

Jibu liwe fupi, vitendo vifuatane kama siafu. Atasimama, atafunga majeraha, atapiga 112, atasimamisha gari liwapeleke hospitali, atafika kwenye usaili kwa wakati. Hilo la mwisho usilisahau hata kidogo. Unaweza kuokoa abiria 40, kumzalisha mama kando ya barabara na kumkabidhi mwizi kwa polisi, lakini ukichelewa usaili dakika 5, makungwi watakukata maksi kwa uzembe.

Laiti ungeruhusiwa kujibu kwa Kiswahili! Tungekuazima ile "ka" yetu: akaona, akashuka, akafunga, akapiga, akafika, hali imekwisha na wino umebaki. Tena kuna faida ya pili. Vitabu vingi vya mazoezi vimeandikwa kana kwamba mtahiniwa lazima awe mwanamume, kiwakilishi cha kiume kila mstari, na binti husoma akijigeuza kichwani kabla hajaanza kujibu. Sekunde mbili hizo zimekwenda. Kiswahili kinasema "yeye" na kufunga mjadala. Awe mume, awe mke, treni inakuja.

Sasa zile hali zilizotengwa kwa ajili yako. Wazazi wamempatia mchumba, na uchumba umepangwa kufanyika siku ile ile ya usaili. Yeye…

Jibu la makungwi wote, kuanzia aliyestaafu jana mpaka aliyezeeka, ni moja: atawashawishi. Neno hilo ndilo mwarobaini wa mtihani huu, linatibu maradhi arobaini. Baba hataki aingie jeshini? Atamshawishi. Bibi anasema jua la uwanjani litamharibu rangi? Atamshawishi. Mchumba anataka aache kazi? Huyo naye atamshawishi, na ikifika sekunde ya 28 mchumba ameomba radhi na kujitolea damu. Wazazi wa kwenye karatasi wana tabia nzuri sana. Sauti hazipandi, hakuna anayezirai, hakuna shangazi anayepigiwa simu kutoka Kanpur aje kulia sebuleni. Wazazi wa nyumbani huchukua miaka minne, na hata baada ya kukubali, mama bado atakufichia picha ya mhandisi ndani ya begi la bodi, chini ya soksi.

Yaani binti anapofika kwenye lango la bodi, ameshafanya mtihani mmoja ambao kaka yake hakupewa. Kaka alipewa baraka na nauli. Yeye aliulizwa nani atamsindikiza, atalala wapi, choo kikoje, na akifaulu nani atamwoa. Akayajibu yote, mengine usiku, mengine jikoni akiwa na mwiko mkononi, na hakuna aliyemwekea saa. Hiyo ndiyo akiba aliyo nayo. Na hiyo ndiyo makungwi wanamwambia asiiandike, inanuka moshi wa jikoni. Aandike treni.

Kuna hali nyingine itakayokutoa jasho. Askari wa chini yake, mwenye umri wa baba yake, anakawia kutekeleza amri. Yeye… Hapa kaka yako ataandika kwa mkono mwepesi. Wewe kalamu iinue kwanza. Ukiwa mkali, una kiburi. Ukiwa mpole, huwezi kuamrisha. Ukimpeleka kwa mkubwa wako, umeshindwa, usipompeleka, umeficha. Basi andika atazungumza naye faraghani, atajua kinachomsibu, atahakikisha kazi inakwisha kwa wakati. Usiandike kwamba atatabasamu. Wala usiandike kwamba hatatabasamu.

Kwa mafunzo haya, mwari, utajaza hali zote 60 na dakika zitabaki. Tatizo moja tu: anayezisoma.

Mwanasaikolojia wa bodi hakujui kwa sura. Anakujua kwa makaratasi yako peke yake, na mtaonana siku ya 5, wakati wote wamekaa kwenye mkutano wa mwisho na wewe unaingia kuketi mbele yao. Mpaka siku hiyo, wewe kwake ni mwandiko. Hadithi zako za picha, sentensi zako 60, hali zako 60 na ile karatasi ya kujieleza zimelazwa sambamba kama vipande vya kanga vinavyotafutwa kama ni vya doti moja. Watu wa bodi wana msemo wa Kisanskriti, manasa, vacha, karmana: moyo, ulimi, mkono. Mwanasaikolojia ana moyo wako, msaili ana ulimi wako, na yule ofisa wa uwanjani, anayewapa magogo na kamba mvuke shimo la kujifanya, ana mikono yako. Kila mmoja anakupima peke yake, na sifa wanazozitafuta ni zile zile 15.

Sasa wewe kwenye hali ya 22 umevuka mto uliofurika, mgongoni una mzee. Kisha uwanjani unaambiwa uruke kutoka kwenye ubao usiozidi kimo chako, umeshika kiuno unatazama chini kama umedondosha hereni. Kwenye hali ya 31 umeushawishi umati wenye mawe. Kwenye majadiliano ya kikundi hukuweza kumshawishi namba 6 anyamaze umalizie sentensi. Na yule mwanasaikolojia wiki iliyopita amewasoma wari 30 wa kungwi mmoja, wote wamesimamisha treni ile ile, kwa mtandio ule ule, wakafika kwenye usaili dakika 10 kabla. Ile picha nyeupe iliyowekwa mwisho ili kila mtu alete lake mwenyewe, nayo kuna makungwi wanaoiuzia hadithi, imekwisha kupikwa, wewe unapasha moto tu.

Nimekutungia na hali ya 61, haimo kijitabuni. Ni Wizara ya Ulinzi. Tangu mwaka 1992 imewapokea wanawake kuwa maofisa nje ya tiba na uuguzi, kwa mkataba wa miaka 5, ukaongezwa na kuongezwa hadi ukafika 14. Wanawake hao sasa wanadai kazi ya kudumu kama wanaume walioingia nao, na nafasi ya kuongoza vikosi. Wizara… Ina nusu dakika.

Ilichukua miaka 17. Kesi ilifunguliwa na wakili Babita Puniya mwaka 2003, Mahakama Kuu ya Delhi ikawapa wanawake haki yao mwaka 2010, serikali ikakata rufaa, na jibu lake kwenye Mahakama ya Juu ni la kukata na kubandika ukutani: kwamba askari wa kawaida wengi wametoka vijijini, na kwa mila za kwao bado hawajawa tayari vichwani kuamriwa na mwanamke. Likaongezwa suala la uzazi, la malezi, la majukumu ya nyumbani, la hatari ya kutekwa na adui.

Lipime jibu hilo kwa sifa zao 15, mwari, wewe uliyefundwa. Wizara imegundua kwamba askari wake wana tatizo, ikamwadhibu ofisa. Haikuzungumza na mtu faraghani. Haikumshawishi yeyote, na mshahara wa askari hao inalipa yenyewe! Hata mtandio haikutumia. Angekuwa binti mwenye namba kifuani, angekuwa kituo cha treni kabla ya chakula cha mchana.

Tarehe 17 Februari 2020, majaji Chandrachud na Rastogi walilikataa jibu hilo, wakasema limesimama juu ya dhana za kijinsia, wakaipa serikali miezi mitatu itekeleze. Mwaka uliofuata mambo yakarudi mahakamani kwa mlango wa nyuma, maana wanawake wa miaka 40 na zaidi walikuwa wanapimwa afya kwa kipimo ambacho wenzao wanaume walipimwa wangali vijana, na taarifa zao za siri za kila mwaka ziliandikwa kivivu na wakubwa walioamini kwamba hawa hawakai, ya nini kuwaandikia vizuri. Hilo la taarifa ndilo linaloniuma zaidi. Unafundwa kuandika jibu kamili kwa nusu dakika, halafu mtu aliyekuwa na mwaka mzima wa kukuandika anachora mstari mmoja.

Kati ya wanawake waliotajwa kwenye hukumu ile ya 2020 alikuwamo Sofiya Qureshi, aliyeongoza kikosi cha Uhindi kwenye mazoezi ya nchi 18 mwaka 2016 akiwa kiongozi pekee wa kike. Na alikuwamo Mitali Madhumita. Huyu alikuwa Kabul tarehe 26 Februari 2010, nyumba walimolala wenzake iliposhambuliwa kwa mabomu. Lifanye swali: anasikia mlipuko, wenzake wako huko, kuna mwendo wa karibu kilomita 2. Yeye… Akasikia, akatoka, akakimbia kwa miguu, akafika, akawafukua. Jeshi likampa nishani ya ushujaa, ya kwanza ya aina yake kwa ofisa wa kike. "Ka" tano, na taarifa yake hata ingeandikwa na mvivu wa mwisho isingepungua.

Sikwambii haya ili uandike kwamba nawe utakimbia kilomita 2. Tafadhali. Wari 30 wataandika hivyo wiki ijayo.

Lango lenyewe linaendelea kufunguka, ingawa bawaba zinalia. Chuo cha kijeshi cha NDA kule Khadakwasla, karibu na Pune, kilikuwa cha wavulana watupu mpaka mahakama ilipotoa amri Agosti 2021 wasichana waruhusiwe kufanya mtihani. Mwaka 2022 wakaingia 19. Tarehe 30 Mei 2025 wakahitimu 17, wanapiga gwaride katikati ya wavulana zaidi ya 300. Mizinga ilianza kupokea maofisa wa kike mwaka 2023. Askari wa miguu na vifaru bado hawajashawishika. Wapewe sekunde 10.

Basi mkeka unakunjwa, na haya ninayokwambia sasa usimwambie kungwi mwingine, watanifukuza chamani. Chukua daftari tupu. Andika humo mambo 20 yaliyokukuta kweli. Siku bibi alipoanguka bafuni na wakubwa wote wako harusini. Siku mpangaji alipokataa kutoka, na baba yuko safarini. Siku yule mwanamume kwenye basi alipokusogelea, ukafanya ulichofanya. Andika ulivyotenda, si ulivyotamani, hata kama kwanza ulipiga ukunga. Kama ulilia halafu ukaita jirani, andika uliita jirani. Usiku wa kuamkia siku ya pili lisome hilo, vitabu vya treni uviache chini ya kitanda. Beba kalamu mbili na saa ya mkono yenye mshale wa sekunde. Kula asubuhi. Mtandio uvae kama nguo.

Tufanye ya mwisho kabla hujaondoka. Kalamu juu.

Amefika kituo cha treni cha Prayagraj alfajiri, begi mkononi, barua ya wito mfukoni. Mlinzi anamtazama, anatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine, halafu anamuuliza: "Dada, umemsindikiza nani?" Yeye…